Mstari wa Rangi ya Kucha

Nilifika Muhuru Bay nikiwa nimelala juu ya barafu. Baba alikuwa amenitoa Njoro kabla ya jua, na pale stendi ya Nakuru akanipandisha basi peke yangu, akamwachia kondakta bahasha yenye jina la baba mdogo. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka mvua ya Kericho ikiteleza kwenye kioo, na mashamba ya chai yakipita kama kichwa kilichonyolewa vizuri. Nakumbuka Kisii, mikungu ya ndizi ikiinuliwa hadi madirishani, na mama mmoja akinishikisha ndizi mbili bila kuniuliza mimi ni nani. Migori nikashushwa, nikapandishwa lori lililokuwa likipeleka barafu ziwani ili lirudi na samaki. Utingo alitandika gunia juu ya unga wa mbao uliofunika barafu, akalipigapiga kama kitanda.

"Lala hapo, Ja-Nakuru," akasema. "Hapo juu hakuna kitu kinaoza."

Nikalala. Chini baridi, juu jua, na vumbi jekundu likitufunika sote, mimi na lori na barafu. Maji yalidondoka barabarani nyuma yetu, tone kwa tone, kama mtu anayetufuata bila haraka. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Nakuru na hakuna aliyenieleza ana nini. Niliambiwa tu kwamba nitakaa kwa baba mdogo kidogo. Kwa mtoto, neno kidogo halina mwanzo wala mwisho.

Tangu siku hizo sijatulia mahali. Nimeuza mitumba Isiolo, nimelinda ghala Athi River, nimeishi Malaba na Voi, na kila nikianza kujulikana kwa jina nahisi miguu inawasha. Juzi nilikuwa Ogwedhi siku ya mnada wa ng'ombe, nimeketi barazani kwa fundi cherehani nikingoja anishonee zipu. Akasimama, akachukua ile chupa ndogo yenye mdomo mrefu ambayo wa rika langu mnaikumbuka, akatia mashine yake mafuta. Harufu ikanifikia. Ng'ombe walikuwa wakilia, watu wakibishana, lakini mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa sebuleni kwa baba mdogo Ouma, na bunduki ilikuwa imelala juu ya meza.

Baba mdogo alikuwa askari wa wanyamapori. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku zamani, lakini kiboko akianza kula mashamba na kukimbiza wanawake wanaochota maji, mtu mmoja alitakiwa kwenda kummaliza, na upande ule wa ziwa mtu huyo alikuwa yeye. Bunduki yake ilikuwa nzito kuliko mimi, au ndivyo nilivyoamini. Risasi yake moja ilikuwa na urefu wa kidole chake cha kati. Ilipofyatuka ilimrusha nyuma hatua nzima, na bega lake la kulia lilikuwa na rangi ya zambarau isiyokwisha, kama joho alilozaliwa nalo.

Juu ya bunduki hiyo aliweka darubini. Haikuwa yake. Ilitoka kwenye bunduki nyepesi ya ofisini, ya kulengea mnyama mdogo, bunduki isiyo na teke, na yeye aliiomba kwa mkubwa wake aliyekaa upande wa Homa Bay. Alisema inamsaidia kulenga mbali. Hakuna aliyemuuliza mbona kiboko hapigwi kutoka mbali.

Darubini ile haikustahimili maisha yake mapya. Kila bunduki iliporusha teke, bomba lake liliteleza mbele kidogo ndani ya pete mbili za chuma zilizolishikilia, na risasi ya pili ikaenda kokote ilikotaka. Mara nyingine bomba lilirudi nyuma pamoja na bunduki likampiga juu ya jicho. Alikuwa na kovu la nusu duara pale kwenye nyusi, na mimi niliamini ni kwato ya nyati. Nilisimulia shuleni. Nyati wangu alikua kila wiki.

Kwanza alijaribu kuibembeleza. Alikata mpira wa tyubu ya baiskeli, akaufungia kati ya bomba na pete, ili teke lisiiumize. Alipompelekea Odera aone, Odera akacheka mpaka akaweka chini randa yake. Odera alikuwa fundi wa mashua, jirani yetu, mtu mrefu aliyenuka mbao na lami.

"Omera, wewe unafunga bunduki au unamfunga mtoto mgongoni?"

"Nataka isisikie uchungu."

"Basi mimi nikiweka mpira katikati ya mbao zangu, utafika Mfangano ukiogelea. Kiungo kinachocheza ndicho kinachovunjika, Ouma. Toa hiyo takataka. Osha kwa petroli, kausha, kaza. Ishikwe mpaka isijue kama iko peke yake."

Akampa na kipande cha ulimbo mkavu, ule anaotumia kwenye nyuzi za kuzibia mashua, akamwambia ausage uwe unga, aupake ndani ya pete ili chuma king'ate chuma. Baba mdogo akafanya hivyo. Kisha, ili ajue kama bomba limeteleza au la, akahitaji alama ambayo haifutiki kwa jasho. Na hapo ndipo vita vilipoanza nyumbani.

Mama mdogo, mkewe, alikuwa Msabato wa kweli. Hakuvaa hereni, hakunywa chai ya majani, na Ijumaa jua likielekea ziwani nyumba yetu ilinyamaza kama sufuria iliyofunikwa. Siku moja alikuwa akifua koti la baba mdogo, akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu. Akakishika kwa vidole viwili kama panya.

"Baba Adhiambo. Hii ni ya nani?"

"Ni ya bunduki."

"Bunduki ina kucha?"

"Sikiliza, mama..."

"Nimesikiliza. Bunduki imeenda saluni. Yawa! Na viatu vyake vya visigino ulinunua Migori pia, ama atakuja navyo mwenyewe?"

Ilibidi baba mdogo ailete bunduki sebuleni, akae kitini, afungue kile kichupa mbele yake, na kuchora kwa ile brashi ndogo mstari mwembamba uliovuka kutoka kwenye pete hadi kwenye bomba. Mstari ukapinda. Mama mdogo akamnyang'anya brashi.

"Leta. Hata kudanganya hujui." Akaurudia yeye, mstari ulionyooka kama uzi. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akishika rangi ya kucha, na nadhani ilimpendeza, kwa sababu alipuliza mstari ukauke muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Mchana kazi ikiisha, baba mdogo alichomoa kikomeo cha bunduki ili isiweze kufyatuka, akakiweka mfukoni, akalaza bunduki juu ya magunia ya mtama pale nyuma ya nyumba, akaniita nitazame. Sijui nikuelezeje. Ghuba yote ilikuja. Mashua iliyokuwa chembe ikawa na watu, na mmoja wao akicheka. Omena waliotandazwa ufukweni wakameta kama kioo kilichosagwa. Ng'ambo, upande wa Tanzania, mwanamke alikung'uta shuka, akalikunja, akalikung'uta tena. Na hapakuwa na sauti yoyote. Hicho ndicho kilichonishika. Mdomo ulicheka bila kicheko, shuka lilipigwa bila mlio. Katikati kulikuwa na nywele mbili nyeusi zilizopishana, na popote nilipoziweka palitulia.

Nikajijengea imani ambayo sikumwambia mtu. Niliamini kwamba ndani ya bomba lile hamna umbali kabisa, kwamba umbali ni kitu kilichobaki nje pamoja na sauti. Nikadhani nikipata pembe iliyo sawa, kati ya vilima vile vya mashariki, nitaona Nakuru, nitaona dirisha la wadi, na mama ameketi kitandani akisuka nywele. Kila mchana nilisogeza bunduki kidogo zaidi upande wa mashariki. Baba mdogo alifikiri natafuta ndege.

Kwa hiyo kila alipofyatua, mimi niliumia kwa ajili ya darubini. Yeye alisikia teke begani; mimi nilisikia kioo kikilia ndani ya bomba. Niliona siku moja kitapasuka, na mama atafungiwa upande wa pili.

Alhamisi moja baba mdogo aliisafisha bunduki akaacha vitu vyote mezani, akaenda kwa chifu. Kila chuma cha bunduki ile kilikuwa kinang'aa kwa mafuta ya cherehani. Kifyatulio, bawaba, mtutu, skrubu. Kila mahali, isipokuwa pale kwenye pete. Pale palikuwa pakavu, na unga wa ulimbo kama jasho lililoganda. Nikafikiri amesahau. Kwetu Njoro baba aliendesha trekta, na nilijua kinachosagika ni kile kisichotiwa mafuta. Nikachukua chupa. Nikaweka mdomo wake mrefu pale bomba linapoingia kwenye pete, nikabonyeza tone moja, mawili, matatu, nikangoja yanyweke, nikaongeza. Nilifanya kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Nikapangusa kwa kitambaa, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Kesho yake ujumbe ulifika kwamba kiboko amerudi kwa Mama Pilista, mjane aliyelima mahindi karibu na matete. Pilista mwenyewe alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ouma, huyo rao amekula mistari minne. Mimi nalima, yeye anavuna. Hiyo bunduki yako ni ya kufukuza kunguru?"

"Jumapili asubuhi, mama. Kesho ni Sabato."

"Kiboko naye ni Msabato?"

Baba mdogo akacheka, lakini mimi niliona anafikiri. Kabla jua halijashuka akanichukua hadi kwenye kichuguu nyuma ya shule. Risasi alizopewa zilikuwa chache, hivyo alikuwa na moja tu ya kujaribia. Akabandika sahani ya bati kwenye kichuguu, akarudi nyuma, akalala, akafyatua. Ardhi ikaruka. Sahani ikatoboka katikati kabisa. Akainuka akijisugua bega, ametabasamu, akaniletea bunduki karibu na uso.

"Wuod owadwa, mtoto wa ndugu yangu, angalia ule mstari. Umeshikana?"

Nikaangalia. Mstari wa mama mdogo ulikuwa umekatika. Kipande cha kwenye bomba kilikuwa kimesogea mbele, si sana, unene wa unywele, na kwenye ile nafasi kulikuwa na unyevu unaong'aa. Nilielewa papo hapo. Siwezi kusema sikuelewa. Harufu ilikuwa puani mwangu. Niliona nikisema, atauliza mafuta yametoka wapi, na darubini itafungiwa kabatini, na vilima vya mashariki vitarudi kuwa vilima.

"Umeshikana," nikasema.

"Vizuri," akasema akicheka kidogo, akanishika kichwa. "Macho ya mtoto ni kitu kingine." Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na mkono wake juu ya kichwa changu, na nilitamani njia iishe.

Jumapili niliamshwa na mlio. Wa kwanza, kisha ukimya, kisha wa pili. Kisha mlio mwingine ambao sijausikia tena popote nilikozunguka, mlio mnene, kana kwamba ziwa lenyewe limekanyagwa mguu. Tulitoka mbio. Mama mdogo alinishika mkono tukafika tu hadi kwenye ua wa mkonge, lakini pale palitosha kuona. Risasi ya kwanza ilikuwa imempiga kiboko taya badala ya chini ya sikio. Ya pili baba mdogo aliifyatua akiwa amesimama, na bomba likamrudia usoni. Damu ilimfumba jicho. Kiboko akateremka kuelekea majini kwa njia fupi, na njia fupi ilipita kwa Odera. Mashua aliyoijenga miezi minne ilikuwa juu ya magogo, mbavu zake nyeupe bado hazijafunikwa. Odera alikuwa akichochea moto wa lami. Aliruka. Kiboko hakuruka wala hakukwepa, alipita tu katikati, na mashua ikawa kuni.

Siku tatu hakuna aliyetia mashua majini. Mnyama alikuwa kwenye matete, ana maumivu na hasira, na kila jioni kina mama walikuja kumwangalia baba mdogo akiketi mlangoni na kitambaa kichwani, wakaondoka bila kusalimia. Odera peke yake alikuja kuketi naye. Hakusema lolote juu ya mashua. Aliuliza tu, "Mstari ulikuwa umeshikana?" na baba mdogo akajibu, "Ulikuwa umeshikana. Mtoto aliangalia." Nilikuwa mlangoni nimebeba uji. Nikarudi nao jikoni.

Jumatano kiboko alielea, amekufa. Alhamisi mkubwa alifika kutoka Homa Bay na gari la kijani. Alikuwa kijana kuliko baba mdogo, mpole, buti zake safi. Watu walikusanyika, nami nikasikia maneno yakitajwa: uzembe, pombe, uzee. Baba mdogo hakuwahi kunywa. Alisimama tu akitazama ziwani. Nikapenya katikati ya watu wazima.

"Si yeye! Ni mimi nilitia mafuta! Kwenye pete, ili isiumie!"

Mkubwa akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye pete, akakinusa. Akatabasamu kwa namna ambayo ilinifanya nidhani nimetuokoa.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema. "Basi mzee hana kosa. Darubini ina wenyewe, hii haikuumbwa kwa teke hili. Iondoeni. Mzee Ouma, piga kile kichuguu kwa macho tu, nishuhudie, niandike ripoti yangu nirudi."

Nikamtazama baba mdogo nikitarajia afurahi. Alikuwa amenitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyesikia mlango ukifungwa nyuma yake.

Walilegeza skrubu, wakaiondoa darubini. Baba mdogo akapokea bunduki isiyo na kitu juu, akailenga. Akarudisha kichwa nyuma. Akakirudisha nyuma zaidi, kama anayejaribu kusoma jina kwenye bahasha bila miwani. Akafyatua. Kichuguu hakikutoa vumbi.

"Mzee, ile ncha ya kulengea mbele ya mtutu, unaiona?" mkubwa akauliza, taratibu.

"Naona kichuguu. Naona hata mchwa wake."

"Sijauliza kichuguu."

Baba mdogo akateremsha bunduki, akampa. "Ncha siioni," akasema. "Ni mwaka wa tatu."

Hivyo ndivyo tulivyojua, mbele ya kijiji. Mbali aliona kama tai; cha karibu kilikuwa ukungu. Darubini ilileta yote mawili mahali pamoja, mnyama na alama, na kwa hiyo tu alikuwa bado askari. Mimi nilidhani alinituma kuangalia mstari kwa kunipa heshima. Leo nina umri aliokuwa nao. Nikipokea ujumbe kwenye simu naisogeza mbali, mkono ukiisha nampa aliye karibu anisomee, na huwa nacheka kidogo ili asidhani ni jambo kubwa. Yeye alicheka vivyo hivyo pale kwenye kichuguu. Hakuwa ananipa kazi. Alikuwa ananikabidhi siri yake, kwa njia pekee ambayo mwanaume mzima angeweza kumkabidhi mtoto.

Hawakumfukuza. Walimpeleka kufungua na kufunga geti la mbuga upande wa Lambwe, akapewa chumba kimoja, na Muhuru nyumba ile ya kazi ikahitajika na mwenzake. Kwa bahati mama alikuwa ametoka hospitalini. Siku ya kuondoka lori lilikuwa limepakia omena, nami nilitakiwa kukaa juu ya magunia. Mama mdogo alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akageuka haraka akaenda ndani. Baba mdogo akanisindikiza hadi barabarani, akatoa barua.

"Ya baba yako. Nimeiandika kwa kubahatisha. Nisomee, nione kama mistari haijapandana."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniomba bila kuzunguka. Nikasoma kwa sauti, utingo na wapakiaji wakisikia. Kaka, salamu. Sisi wazima. Mtoto ni mzima na anakula. Kwa mwaka huu amekuwa macho yangu. Hapo nikaona sentensi iliyofuata, herufi kubwa zilizolegea: Hajanidanganya hata siku moja. Nikairuka. Nikaendelea na salamu za mama, na Mungu akubariki, na jina lake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Kuna moja umeacha."

Dereva akawasha injini. Nikairudia barua, nikaisoma ile sentensi, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine. Nikamwambia, "Si kweli. Mstari ulikuwa umeachana. Niliona."

Akaichukua barua mikononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akafunga kifungo kwa kupapasa.

"Mpelekee hivyo hivyo," akasema, akanishika kwapani, akaniinua hadi juu ya magunia.